Tangi Chini ya Siti

Braza yangu alikuwa mtu wa kucheka kwa pua. Umwambie stori ambayo ingemwangusha mtu mwingine chini, yeye anatoa hewa kidogo puani, fff, kama tairi ya baiskeli, halafu anaendelea kumenya viazi vyake. Mimi nililelewa na hiyo pua. Baba alipostaafu akarudi na mama nyumbani Maragoli, tukabaki sisi wawili kwa chumba kimoja pale Ziwani, Nairobi. Nilikuwa na kazi ya kuchoma vyuma kwa gereji, kuviunganisha kwa moto, lakini kazi yangu ya ukweli ilikuwa kutafuta ile siku braza atacheka na mdomo.

Chumba tulikigawanya na pazia. Ilikuwa shiti kuukuu ya maua, maua yenyewe yalishaoshwa mpaka yakabaki ni kama madoa ya chai. Upande wa dirisha ni wa mkubwa. Upande wa mlango, na stovu, na sufuria, na baridi inayopita chini ya mlango, ni wangu. Nilimwambia hata jela watu wanabadilishana. Fff.

Alikuwa dereva wa gari ya watalii, Landrova ndefu ya kijani. Mwenye gari alikuwa mzungu mmoja aliyekuwa na ofisi ndogo town. Braza anachukua wageni, anawapeleka Mara ama Amboseli, wanaona simba, wanarudi wamekuwa wekundu kama nyanya. Siku ya kuondoka alikuwa ananunua mboga, sukuma, na kuniwekea kwa karai yenye maji, na mimi hapo ndipo nilikuwa nahesabia siku. Sukuma ikianza kugeuka manjano najua yuko njiani. Hakuwahi kuchelewa mpaka ioze.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwa namwambia mtu. Akienda, nilikuwa navuta pazia. Pazia ikifungwa huwezi kujua kama kuna mtu amelala huko nyuma ama hakuna. Basi nilikuwa natembea polepole kwa chumba changu mwenyewe, naweka sufuria chini bila kelele, nikikohoa naziba mdomo, kama mtu anayemheshimu mwenzake aliyetoka safari. Ukitaka kucheka cheka, hata mimi nilijicheka. Lakini niliendelea kutembea polepole.

Na stori nilikuwa namwekea. Kwa gereji hazikosekani. Tulikuwa upande wa nyuma ya soko la Kariokor, karibu na wale wanakata tairi kutengeneza akala, na kila siku kuna mtu anafanya ujinga. Kuna jamaa mmoja aliuziwa akala mbili zote za mguu wa kushoto. Akarudi kesho yake, tukasema leo kuna vita, kumbe amekuja kuuliza kama kuna zingine za hivyo, kwa sababu zile hazimfinyi. Stori kama hiyo ukikosa wa kumwambia jioni, inalala, na kesho imechacha kama maziwa. Wale wa gereji walishaiona na macho yao, utawaambia nini?

Braza akirudi, kabla hajavua viatu, alikuwa ananiambia niende nje kwa gari nifungue sanduku. Chini ya siti ya kushoto, ile ya karibu na dereva, Landrova hiyo ilikuwa na sanduku la chuma la kuweka vyombo. Yeye spana alizifunga kwa gunia akazitupa nyuma. Kwa sanduku alikuwa anaweka mabaki ya wageni. Biskuti nusu pakiti, samaki wa mkebe, jamu ya machungwa ambayo ni chungu kama dawa ya malaria, na jibini iliyonuka soksi za askari wa usiku. Tulikula hiyo jibini na ugali. Mama wa mlango wa pili akatuuliza kupitia ukuta ni nani amekufa huko ndani. Braza alitoa fff mbili mfululizo siku hiyo. Kwangu hiyo ilikuwa sikukuu.

Halafu yule mzungu akataka kupeleka watu kaskazini, mpaka kule kwa ziwa la jangwani.

Shida ilikuwa petroli. Braza alinieleza tukiwa tunakula viazi vya kuchemsha. Ukishapita Maralal, alisema, petroli ni ya padri ama ya polisi, na wote wawili ukiwaomba wanakuangalia vibaya. Tangi ya Landrova inakufikisha, haikurudishi. Walikuwa wamejaribu kubeba mitungi juu ya paa, barabara ikaitingisha mpaka ikavuja, wageni wakaumwa na kichwa njia nzima. Kwa hiyo mzungu alisema hivi: dereva atakayemletea gari yenye tangi ya pili inayofanya kazi vizuri, safari za kaskazini ni zake, na mshahara unapanda. La sivyo atampa yule dereva mwingine, mwenye lori.

"Unaweza kuichoma?" braza akaniuliza.

Nikamwuliza itakaa wapi.

"Chini ya siti ya kushoto. Tunatoa sanduku."

Nikamwuliza tena, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya tu, hizo safari zinachukua muda gani. Akasema wiki mbili, wakati mwingine tatu. Anarudi, anaosha gari, anaondoka. Nikaangalia karai ya sukuma. Hakuna sukuma ya kuhesabu wiki tatu.

"Naweza," nikasema.

Ningesema nini? Huyo ndiye alinilipia shule mpaka darasa la saba, na alikuwa anaitaka hiyo kazi vile mtu anataka maji. Hakusema anaitaka, lakini alikuwa ameacha kumenya kiazi.

Nikaichoma. Nitasema ukweli, ilikuwa kazi safi. Nilitafuta karatasi ya chuma nzito, nikaipima kwa boksi la maandazi nililokata mpaka likaingia chini ya siti sawasawa. Ndani nikaweka kuta mbili zenye mashimo, ili petroli isiwe inaruka huku na huku kama watoto wamefunga shule. Nikatoa paipu ya kwenda kwa injini, na katikati nikaweka koki: ukiigeuza huku unakunywa tangi ya zamani, ukiigeuza huku unakunywa mpya. Mdomo wa kujazia ukawa juu, unainua mto wa siti unaukuta. Na paipu nyembamba ya pumzi, nikaiteremsha mpaka chini ya gari, kwa sababu tangi lazima ivute hewa kila inapotoa mafuta, na harufu isiingie kwa wageni.

Mzee mwenye gereji, mtu wa Murang'a, hakuwa anaongea mengi kazini, Jumapili alikuwa anamalizia yote kanisani. Akaipigapiga tangi na kidole, akasikiliza. Akaniambia, "Kijana yangu, ipime, halafu unajua sheria."

Sheria ya hapo ilikuwa moja. Ukichoma tangi ya mtu, safari ya kwanza unaenda nayo. Unakaa karibu nayo mpaka injini inywe mafuta yake na wewe ukiwa hapo. Kama itavuja ikuloweshe wewe, kama itawaka muwake pamoja. Ndio maana tangi zetu hazikuwa zinavuja. Na hii yangu ilikuwa chini ya siti, kwa hiyo nilikuwa naenda kuikalia yenyewe, kama kuku.

Kupima tulikuwa tunapima na sabuni. Unaziba midomo yote na sabuni ya kipande, ile ya kufulia, unaikanda kama unga. Unaacha mdomo mmoja wa kuingiza pampu ya baiskeli. Unapiga hewa, unapaka povu kwa maungio yote, unaangalia. Pakitoka mapovu, hapo panavuja. Sabuni ya gereji ilikuwa imeisha, kwa hiyo nilikata ya nyumbani, kile kipande cha mwisho cha kufulia na kuogea, na hiyo ilikuwa jioni kabla ya safari. Nikapiga hewa. Hakuna hata povu moja lililopumua. Nikazunguka hiyo tangi nikijisifu peke yangu, mzee ameshaenda, watu wa akala wameshafunga, hakuna wa kuniambia vizuri. Nikaifunga ndani ya gari, nikakaza nati, nikaenda nyumbani.

Asubuhi braza alitafuta sabuni ya kuoga akaikosa. Alienda bafuni akaoga na maji matupu, akarudi akitetemeka. Aliweka nguo zake kwa begi. Alitandika kitanda. Nilimwona akilikunja blanketi, pembe kwa pembe, vile unafunga kitu ambacho hutakifungua karibuni.

Kwa kituo cha petroli, yule wa pampu alianza kulalamika. Tangi mpya ilikuwa inakataa. Anatia kidogo, inabweua, petroli inarudi juu.

"Hii tangi yenu iko na nini?" akasema.

Nikamwambia imelelewa Ziwani, haijazoea kushiba. Yule jamaa alicheka karibu aangushe paipu, na braza akatoa fff. Mimi nikafurahia mzaha wangu. Sikufikiria kitu kingine. Ikajaa polepole, tukafunga, tukarudisha mto, nikaikalia.

Wageni walikuwa wanangoja Nanyuki. Kwa hiyo toka Nairobi mpaka mahali nitashuka ilikuwa mimi na yeye tu. Nilikuwa nimepanga stori nyingi za njia hiyo, nyingine nilikuwa nimeziweka tangu safari iliyopita. Lakini Muthaiga ilipita, Kahawa ikapita, Ruiru ikapita, na mimi bado naangalia nje. Ilikuwa ni kama mtu amekuambia chukua chochote unachotaka dukani, halafu unasimama tu. Nikamwambia ile ya akala za kushoto. Niliiharibu. Nilianza na mwisho.

"Kwa hivyo hazikumfinya," braza akasema.

"Ndiyo."



Baada ya Thika, mananasi yakiwa pande zote mpaka macho yanachoka, akaniangalia, nikamwangalia, akanyoosha mkono akageuza koki. Sasa injini inakunywa yangu. Ilienda vizuri. Tulipanda kilima kimoja, tukashuka. Nikaanza kutafuta kwa macho mahali pa kushukia, kwa sababu sheria ilikuwa imetimia, na hakuna haja ya kwenda Nanyuki kusalimia wazungu.

Kilima cha pili injini ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima.

Braza akaisogeza kando. Akageuza koki kwa tangi ya zamani, akapiga stata, ikawaka mara moja. Akageuza kwa mpya. Ikanguruma kidogo, ikakufa. Akafungua boneti, akaangalia pampu ya mafuta, akafunga. Akarudi akakaa, mikono kwa usukani, akaangalia barabara iliyokuwa inaenda mbele bila sisi.

"Na hii ya zamani tunafika Nanyuki," akasema. Hakukasirika. Ni afadhali angekasirika. "Nawachukua wageni, nawarudisha Nairobi. Kule hatufiki. Atapewa yule wa lori."

Hapo ndipo niliisikia. Chini yangu chuma kilisema ndu, polepole, kama mkebe unaofinywa. Niliisikia na matako kabla sijaisikia na masikio. Tangi ilikuwa inajikunja kwa sababu injini imevuta mafuta na hakuna hewa ya kuingia mahali pake. Na nikajua hewa imezuiliwa na nini. Niliiona kabisa, vile nilivyoisukuma na kidole gumba, kipande cheupe chenye mstari wa bluu, ndani ya paipu ya pumzi.

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza. Ilikuwa ni muda wa lori moja kupita na vumbi lake kutulia, si zaidi, lakini ndani yake niliona mambo mengi. Niliona Landrova ikirudi Ziwani. Niliona sukuma kwa karai, na sanduku la chuma limerudi chini ya siti, na jibini, na mama wa mlango wa pili akiuliza ni nani amekufa. Sikuhitaji kufanya kitu. Nilihitaji tu kukaa hivyo hivyo.

Halafu nikaangalia mikono yake. Alikuwa anasugua usukani na kidole, mahali pamoja, vile mtu anafuta doa.

"Braza," nikasema, "kuna sabuni."

"Sabuni gani?"

"Kwa paipu ya pumzi. Niliziba nikipima. Nikasahau kutoa."

Akageuka akaniangalia.

"Sabuni yetu?"

"Ndiyo."

"Ile nimetafuta asubuhi."

"Hiyo."

"Nimeoga kama bata," braza akasema, "na sabuni imepanda gari."

Na akacheka. Hakutoa hewa. Alicheka na mdomo wote, kichwa kimerudi nyuma mpaka kikagonga bati, na ndipo nikaona, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwamba jino lake moja la nyuma halipo. Alicheka mpaka akafungua mlango akashuka, akainama akishika magoti kando ya barabara, kati ya hayo mananasi yote. Mimi nilikaa juu ya tangi nikimwangalia. Nilikuwa nimengoja hicho kicheko tangu nikiwa mtoto, na sasa sikujua mtu hukifanyia nini. Hata sikucheka. Nilikuwa nataka tu kisiishe.

Kiliisha. Akajipangusa macho, akanipa msumari mrefu kutoka gunia la spana. Nikaingia chini ya gari nikaichokoa ile sabuni. Ilipotoka, tangi ilivuta pumzi ndefu, fyuuu, na chuma kikarudi mahali pake, ndu. Braza akageuza koki, akapiga stata. Ikanguruma, ikaendelea. Tukapanda kilima, tukapanda kingine, na haikukohoa tena.

Nilishuka Makutano, pale barabara zinagawanyika. Alizima gari, jambo ambalo halikuwa lazima. Nikamwambia asisahau kugeuza koki, asisahau tangi haina mshale wa kuonyesha, apime na fimbo, asivute sigara akiinua mto. Aliitikia yote. Alikuwa anayajua yote. Nikanyoosha mkono kumpa mkono wa kwaheri, akauangalia, akaniwekea ile sabuni aliyokuwa ameiokota.

"Rudisha nyumbani," akasema, "ndiyo hiyo tu tuko nayo."

Nikaiweka mfukoni. Akawasha gari. Halafu, akiangalia mbele, akasema, "Na ukifika ufungue hiyo pazia. Chumba kipate hewa."

Sikumwuliza amejua aje. Pengine mama wa mlango wa pili. Pengine alikuwa anajua siku zote, na mimi nikifikiri mkubwa haoni kitu. Landrova ikachukua njia ya Sagana, mbio, na nilisimama nikiisikiliza kama fundi, nikitafuta kosa. Hakukuwa na kosa.

Nilipata lori ya kwenda Thika, nikakaa nyuma juu ya magunia matupu. Nilikuwa na stori nzuri kuliko zote ambazo nimewahi kupata, ya bata na sabuni, na mtu wa kumwambia ndiye huyo alikuwa anaenda upande mwingine. Utingo alikuwa pembeni. Nikamwambia. Alicheka mahali si pake, halafu akaniuliza kama Ziwani kuna vyumba vya kukodisha.

Jioni nilifika. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi nje, mtu alikuwa anakaanga vitunguu. Nikafungua mlango polepole, nikavua viatu bila kelele, nikaweka funguo juu ya meza vile unaweka yai. Halafu nikakumbuka, nikashika shiti niliyoifunga asubuhi bila kuangalia nyuma yake, nikaivuta mpaka mwisho.

Jua la mwisho likaingia toka dirishani likapita juu ya kitanda chake, likafika kwangu kwa mara ya kwanza. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama cha hoteli. Juu ya blanketi alikuwa amepanga vitu vyote vilivyokuwa kwa lile sanduku: samaki wawili wa mkebe, nusu pakiti ya biskuti, jamu chungu. Vimepangwa kwa mstari, kama wageni wanaongoja gari.

Nilikaa kidogo. Chumba kilikuwa kikubwa, sikuwa nimejua. Shati langu lilikuwa na grisi na vumbi, basi nikatia maji kwa karai ya sukuma, nikatoa ile sabuni. Ilikuwa na shimo la msumari, na povu lake lilinuka petroli. Nikafua nayo. Nikifua nikaisema ile stori ya akala kwa sauti ya kawaida, na safari hii niliisema vizuri, mwisho ukakaa mwisho. Nikangoja. Kwa mlango wa pili mama alizima redio.

Nikatoa hewa kidogo puani, fff, nikaenda nje kuanika shati.